Kisima ni Chenu

Hulaiwa, 12 Mfunguo Tano 1374

Kwa mdogo wangu Ghanim bin Suhail, mkalimani katika ofisi ya Waingereza, Khor Sidra.

Salamu nyingi zikufikie, zikukute mzima wa mwili na wa moyo pia, kama moyo bado unao. Sisi huku hatujambo. Goti la shemeji yako Obaid linamsumbua asubuhi, likipata jua linatulia. Mwanangu Hamad yuko Kuwaiti kwenye kazi yake na haandiki. Mkewe Shamsa ana mimba, samli hataki hata kuinusa, anataka samaki mkavu wa pwani, na huku jangwani samaki mkavu nimtoe wapi. Ngamia wetu mweupe amezaa jike. Anayeniandikia ni Mwalimu Saqr anayesomesha watoto chuoni, na amenionya kwamba karatasi ni chache, nisilete maneno mengi. Nimemwambia aandike ninachosema, karatasi nitamnunulia.

Ghanim, wiki iliyopita ulikuja kwangu.

Nilikuona ukishuka kwenye landrova nyuma ya yule Mwingereza, Bwana Holis, umevaa koti juu ya kanzu. Niliacha unga kwenye sinia nikatoka na mikono vile vile. Ukanitazama usoni, ukasema, "Amani iwe kwako, mama mwenye nyumba." Mama mwenye nyumba. Mimi niliyekubeba mgongoni mwaka wa ndui. Nikadhani unanitania, nikangoja ucheke. Hukucheka. Ukapita ukaenda kuketi na wanaume. Obaid naye alikutambua, akajifanya hakujui, akidhani una sababu yako.

Basi nikakaa nyuma ya pazia, na yote niliyoyasikia nayaandika hapa usije ukasema sikuwepo. Obaid aliwakaribisha wote, pamoja na Mutlaq bin Ghuraib, mjumbe wa Sheikh wa Dhafna, ambaye kila mtu alijua amefuata kisima chetu. Kahawa ikamiminwa. Mutlaq akapokea kikombe, akakiweka chini mbele yake, hakukigusa.

"Kunywa, Mutlaq, inapoa," Obaid akamwambia.

"Nitakunywa, Baba Hamad. Lakini kwanza niambie, maji ya kahawa hii ni ya kisima cha nani?"

Obaid akacheka. "Na hilo nalo la kuuliza? Maji yenu, kisima chenu, na sisi hapa ni wageni wenu. Kunywa bwana."

Mutlaq akanywa. Nawe ukamwinamia Mwingereza, ukasema maneno machache, na kalamu yake ikaandika. Ulimwambia nini?

Nauliza kwa sababu hazikupita siku nyingi watu wa Dhafna wakarudi na patasi, wakachonga alama wanayowatia ngamia wao kwenye jiwe la kisima, juu ya alama ya baba. Obaid alipowauliza, wakamwambia, "Si umesema mwenyewe mbele ya Mwingereza? Imeandikwa." Sasa wewe uliyelelewa katika hema hili niambie, angejibu nini? Mgeni amekaa kwenye busati lako, kikombe amekiweka chini, hanywi mpaka umjibu, umwambie kisima ni changu? Hata mtoto aliyeachishwa ziwa jana hasemi hivyo. Baba alikichimba kisima kile na mimi nikivuta mchanga kwa kamba. Kikienda Dhafna tutakuwa watu wa kuomba ruhusa kunywesha ngamia wetu wenyewe, na siku watakayotunyima sina mahali pa kwenda.

Nijibu hilo moja tu.

Dada yako, Afra bint Suhail

Mimi Saqr nimeandika kama nilivyoambiwa, hata pale nilipomshauri apunguze.

*

Khor Sidra, 3 Mfunguo Sita 1374, sawa na 30 Oktoba 1954

Dada yangu mpenzi Afra,

Barua yako imenifikia kwa mkono wa Pirbaksh, dereva wa lori, nami nimefurahi kusikia kwamba mna afya. Hapa mjini joto limeanza kupungua. Jino linaniuma kidogo, mengine ni mema. Shamsa namletea samaki mkavu, na wewe nakuletea gunia la mchele na jora la kitambaa kilichotoka Bombei. Mwambie Obaid goti alikande kwa mafuta ya ufuta yaliyopashwa moto.

Kuhusu uliloniuliza, dada, kazi yangu ni kutafsiri. Mtu akisema neno kwa Kiarabu mimi nalisema kwa Kiingereza, basi. Sina ruhusa ya kuongeza wala kupunguza. Kampuni ya mafuta inataka kujua nchi ya Sheikh wetu wa Khor Sidra inaishia wapi na ya Sheikh wa Dhafna inaanzia wapi. Wao wawili hawakuelewana, wakakubali Bwana Holis azunguke kisima kwa kisima awaulize wanaoishi hapo, na watakachosema hao ndicho kitakachokuwa mpaka. Obaid aliulizwa mbele ya watu, akajibu mbele ya watu. Si mimi niliyemtia maneno kinywani.

Kuhusu salamu, ile ilikuwa saa ya kazi. Mambo ya nyumbani yana wakati wake.

Nakuomba mawili. Kwanza, juu ya bahasha usiandike tena "kwa mdogo wangu". Jina langu linatosha. Pili, huyo Mwalimu Saqr ni mtu wa wapi? Nasikia mama yake ni wa Dhafna. Yako maneno yasiyofaa kupita kwenye kalamu ya mtu mwingine.

Wasalimie wote, mkubwa kwa mdogo.

Ghanim

*

Hulaiwa, 20 Mfunguo Sita 1374

Kwa Ghanim, mtu wa ofisi, ambaye siku hizi hana dada.

Salamu ni haki ya Muislamu juu ya Muislamu mwenzake, kwa hiyo yako nakupa. Samaki amefika. Shamsa amemla akiwa amesimama, hakungoja hata sinia. Mchele tumeupika kwa sababu hatukuwa na mwingine. Kitambaa nimekirudisha kwa Pirbaksh. Kitambaa kama kile huvaliwa harusini, na huku kwetu hakuna anayeoa. Nani anaoa, Ghanim?

Nauliza kwa sababu Pirbaksh hana siri, ukimpa tende anasema hata usilolitaka. Ameniambia, "Ndugu yako Ijumaa hali chakula mjini, anakula kwa Mutlaq bin Ghuraib. Anatoka pale amefukizwa udi kama bwana harusi." Nikamwambia umemfananisha. Akasema, "Mama, namjua kwa lile koti."

Mwalimu Saqr umemtukana bure. Alipofika penye maneno yako juu ya mama yake aliyasoma mpaka mwisho, neno kwa neno. Angekuwa mtu wa Dhafna angeyaruka, nami ningejuaje? Kwa hiyo huyo anayesoma asichokipenda namwamini kuliko anayeniletea vitambaa.

Sasa sikiliza yaliyotupata. Watu wa Sheikh wetu walikuja. Hawakushuka. Walimuuliza Obaid wakiwa juu ya ngamia, "Wamekupa nini Dhafna, mzee, ukawagawia kisima?" Obaid akawaambia karibuni kahawa kwanza. Wakasema kahawa yake hawaitaki, wasije wakapewa na hema kama Dhafna walivyopewa kisima. Wakageuza ngamia wakaenda zao. Tangu siku hiyo mume wangu haendi kukaa na wenzake. Anakula matonge mawili anasema ameshiba. Mtu ambaye hajawahi kumpitisha mgeni mwenye njaa mlangoni kwake leo anaitwa mla rushwa, na Sheikh wetu na Sheikh wa Dhafna sasa wameafikiana kwa jambo moja tu, kwamba Obaid amekitoa kisima.

Nina hasira na wewe, sitaki kukuficha. Lakini kabla hasira haijawa kitu kingine, niandikie neno moja. Bwana Holis anajua kwamba maneno yale ni adabu ya mwenyeji, au hajui? Ulimwambia, au hukumwambia?

Afra

Mama yangu ni wa Ras Dhiba, na babu yangu pia. Saqr.

*

Khor Sidra, 9 Mfunguo Nane 1374, sawa na 3 Januari 1955

Kwa Mama Hamad, mke wa Obaid bin Khadim, Hulaiwa.

Amani iwe juu yenu. Natumaini mvua imewafikia na mifugo iko salama. Barua yako ilichelewa sana kunifikia, na gundi ya bahasha ilikuwa bado mbichi. Aliyeifungua nadhani amefaidika, na hii pia nimeiandika nikijua kwamba ataisoma.

Ofisi hii ina kanuni zake. Mkalimani hatakiwi kuwa na damu na upande wowote katika shauri la mipaka, na akibainika anayo, ushahidi wote aliotafsiri unatiliwa shaka, na yeye anaondoka. Mimi nimeandikishwa hapa kuwa mtu wa Bahareni, nilikopelekwa mdogo nikasoma huko. Jina la Suhail limejaa pwani nzima. Mkalimani anayeanza kueleza kwa nini mzee fulani alisema neno fulani ataulizwa yeye ameyajuaje ya moyoni mwa mzee huyo. Kwa hiyo neno moja ulilolitaka sinalo.

Ninakokula Ijumaa ni shauri langu.

Kwa kuwa ninyi ni wakazi wa Hulaiwa, nakuarifu yafuatayo, nayo si siri. Mvua ikitulia, Mutlaq bin Ghuraib na watu wake watapiga kambi hapo wakiwa ndio wenyeji wa kisima, na Bwana Holis atakuja kuwaona hapo kabla ya kulifunga shauri. Mimi sitakuwepo, nimepangiwa safari ya upande mwingine, na ametafutiwa mkalimani mtu wa Basra. Uenyeji nao una mizigo yake, Mama Hamad. Mwenyeji hapokei anaowapenda tu. Humpokea kila anayeingia, na husema yale yanayompasa mwenyeji kuyasema.

Nawatakia subira.

Ghanim bin Suhail, Mkalimani

*

Hulaiwa, 17 Mfunguo Tisa 1374

Kwa Ghanim.

Salamu kutoka kwangu, kwa Obaid, na kwa Shamsa, ambaye tumbo limeshuka na anatembea akishika nguzo za hema. Mvua ilikuwa nzuri, majani yamefika magotini pa mbuzi.

Barua yako niliitupa penye kuni. Mwalimu akaiokota akaipangusa, akasema, "Mama Hamad, mtu hamwandikii adui maneno marefu hivi juu ya uenyeji." Nikamwambia huyo ananicheka, anataka nijue Mutlaq amekuwa mwenye nyumba na mimi nimekuwa mpita njia. Nikaenda kukanda unga wa mkate, na maneno yako yakawa hayanitoki. Mwenyeji husema yanayompasa mwenyeji kuyasema. Sikujua unanicheka au unanionyesha kitu, na mpaka leo sijui. Lakini niliosha mikono nikamwambia Obaid, "Lifukize joho lako zuri. Tunakwenda kutembelea watu."

Tulihamisha hema nyuma ya kilima cha mchanga kabla hawajafika, ili wakija wakute hapana mtu wa kuwakaribisha. Wakaja, wakajenga mahema yao pale pale penye kisima, wakawasha moto wao. Bwana Holis akafika na huyo mtu wa Basra mwenye miwani. Tuliwaacha waketi. Kisha Obaid akatangulia na bakora yake, na mimi nyuma yake, na hakuna aliyenialika.

"Amani iwe kwenu, wenye kisima," Obaid akasema.

Mutlaq hakuwa na la kufanya ila kusimama. "Karibu, Baba Hamad, karibu nyumbani kwako." Akaketishwa kuume kwake, kahawa ikamiminwa. Obaid akakipokea kikombe, akakiweka chini mbele yake.

"Kunywa, mzee wangu."

"Nitakunywa. Lakini maji ya kahawa hii ni ya kisima cha nani?"

Ghanim, nilisikia mdila wa kahawa ukitokota. Mutlaq alikitazama kikombe, akamtazama Mwingereza, kisha akanitazama mimi niliyesimama mlangoni, nadhani akajua imetoka kwa nani.

"Acha mchezo, mzee," akasema.

"Mchezo gani? Mgeni wako ameuliza."

"Hilo limekwisha."

"Basi na kahawa imekwisha. Nitaondoka, nikaseme Dhafna wameniacha nikatoka na kikombe changu kiko chini."

Mzee mmoja wao wenyewe, mwenye ndevu za hina, akakohoa. "Mjibu mgeni, Mutlaq. Kisima kitu gani? Unatuaibisha."

Mutlaq akasema meno yamekazana. "Maji yenu. Kisima chenu. Sisi hapa wageni wenu."

Obaid akanywa mpaka tone la mwisho, akakitikisa kikombe kwamba ametosheka, akashukuru vizuri kabisa. Sijamwona ameketi wima hivyo tangu watu wa Sheikh wamtukane.

Mtu wa Basra akatafsiri. Kalamu ya Bwana Holis ikasimama. Akafunua kurasa za nyuma, akasoma, akauliza, na yule akatuambia, "Bwana anasema mara ya kwanza mzee huyu alisema kisima ni cha Dhafna, na leo mtu wa Dhafna anasema ni cha mzee. Anataka kujua nani kati yao ni mwongo."

"Hakuna mwongo," Mutlaq akasema. "Mwambie haya ni maneno ya adabu tu."

"Na yale ya mzee mara ya kwanza?" Bwana Holis akauliza.

"Yale yalikuwa ya kweli."

Watu wake mwenyewe walicheka, hata yule wa ndevu za hina. Bwana Holis hakucheka. Alisema mtu wa Basra si wa nchi hii na mila zetu hazijui, kwa hiyo atakuuliza wewe uliyekuwepo mara ya kwanza, na utakalosema wewe ndilo atakalolishika. Mutlaq akatabasamu mara ya kwanza siku hiyo. "Muulize," akasema. "Ghanim ni mtu wetu."

Basi limekufikia. Mimi nilikuuliza ukaniambia neno huna. Sasa hunijibu mimi, utawajibu wao. Ukisema ilikuwa adabu, ushahidi wa kwanza umekufa na kisima ni chetu. Ukisema ilikuwa kweli, tutahama kabla ya joto, na Obaid atakufa na jina la mla rushwa. Sitakuomba, Ghanim. Nimechoka kukuomba.

Afra

*

Khor Sidra, nyumbani kwa Pirbaksh, 25 Rajabu 1374

Dada Afra,

Salamu kwako na kwa Obaid. Natumaini Shamsa amejifungua salama. Mimi ni mzima, jino limeng'olewa. Barua zako usizilete tena ofisini, zilete hapa kwa Pirbaksh, ambaye amenipa chumba cha uani na mkewe ananipikia. Kile kitambaa ulichonirudishia nimempa yeye, huyo mke wa Pirbaksh. Ijumaa nakula hapa hapa.

Hulaiwa imeandikwa kwa Khor Sidra. Ushahidi wa Obaid umefutwa na wa Mutlaq umefutwa pia, na Bwana Holis akaandika kwamba kisima kilichimbwa na Suhail na kinakaliwa na watoto wake. Alama ya patasi itafutwa. Sheikh wetu amepelekewa habari kwamba Obaid hakuuza kitu. Ulilolitaka umelipata.

Sasa na mimi nina swali.

Niliitwa. Nilikuwa nimekwisha kata shauri, dada, tangu kabla ya kuitwa. Maneno niliyapanga njiani: kwamba ile ilikuwa adabu, kwamba nilijua ni adabu, na kwamba nilinyamaza kwa sababu mwenye hema ni shemeji yangu na nikisema hilo napoteza kazi. Nikaingia, nikafungua mdomo. Bwana Holis akanizuia kwa mkono. Akasema, "Kabla hujasema chochote, Ghanim, yule mama wa Hulaiwa ni nani wako?"

Nikasema, "Ni dada yangu."

Akasema, "Najua."

Niliyasema yote yaliyobaki, vile vile nilivyoyapanga. Lakini maneno yaliyokuwa ya mtu mkweli yakawa ya mtu aliyekamatwa. Alinisikiliza akitazama dirishani. Aliamini kwamba ile ilikuwa adabu. Mimi hakuniamini, na hataniamini tena, na hakuna ofisi kwenye pwani hii itakayoniamini. Kazi nilijua itakwenda. Nilitaka iende nikiwa nimeitoa mwenyewe.

Nani alimwambia? Mutlaq hakujua, angejua asingeniweka karibu na watu wa nyumba yake. Pirbaksh anajua lakini kwa Kiingereza hawezi kusema hata jina la mji. Aliyefungua barua yako, kama ni wa ofisi, angesema zamani. Mwalimu Saqr anajua. Wewe unajua. Nijibu.

Nilitaka kuja kuwaona kabla ya mfungo. Obaid asipopenda, nitaelewa.

Ghanim

*

Hulaiwa, 14 Shaabani 1374

Kwa mdogo wangu Ghanim, na nimeiandika hivyo juu ya bahasha, kwa herufi kubwa.

Salamu, na kheri, na habari njema kwanza. Shamsa amejifungua mtoto wa kike, mnene, mwenye sauti ya mchuuzi wa samaki. Obaid anakwenda tena kukaa na wenzake, na watu wa Sheikh walikuja, safari hii walishuka, wakanywa kahawa mpaka mdila ukaisha. Hamad ameandika hatimaye, mistari minne, mitatu ya kuomba viatu.

Mwalimu Saqr hana kosa. Ni mimi.

Mutlaq aliposema Ghanim ni mtu wetu, nilimwona alivyotabasamu, na miguu ikanipeleka yenyewe. Nilimfuata mtu wa Basra penye landrova nikamshika mkono wa koti. Nikamwambia, "Mwambie bwana wako huyo Ghanim ni mdogo wangu, tumbo moja, na akikana, aje anitazame sura." Akamwambia. Bwana Holis akaivua kofia yake, akanitazama muda mrefu, akaivaa tena. Sikukuandikia hilo. Nilikuficha makusudi. Nilitaka uingie pale ukidhani hajui, ili mwenyewe nijue ungesema nini.

Na kwa kufanya hivyo nimejikosesha kujua. Unasema ulikuwa umekata shauri. Nataka kukuamini, na kila nikikaribia nakuona ukinipita mlangoni na lile koti. Labda ungesema. Labda ungekaa kwa Mutlaq ukavaa kitambaa chako ukaoa kwao. Ningengoja kidogo tu ningejua, sikungoja, na sasa hata ukiniapia siku nzima hakuna la kunithibitishia. Wewe nawe utakaa ukijiuliza ni dada gani huyu asiyeweza kumpa nduguye nafasi ya kusema mwenyewe. Kisima tumekipata, Ghanim, na hilo tumelipoteza, wewe fungu lako na mimi langu. Limeniuma. Nimelia, na Mwalimu ameniuliza aandike kwamba nimelia, nikamwambia andika.

Obaid anasema uje, na usilete mchele.

Mwalimu Saqr, kwa uzuri wa barua, alitaka kumalizia kwa maneno kwamba nyumba hii ni yako na sisi ni wageni wako. Nimemshika mkono. Hayo tunawaambia wageni. Nyumba ni yangu, na kisima ni changu. Njoo kabla ya mfungo, na ukifika usipige hodi.

Afra